Maneno ya Papa Yanayopita kwa Maman

Maman yangu,

Salamu zangu zitangulie, barua itafuata taratibu, maana inasafiri ndani ya mkoba wa mtu. Nimempa mama mmoja wa Bukavu tunayesali naye huku, anakwenda kumwoza binti yake. Amesema kabla ya kuvuka mpaka kuingia Kongo ataiacha kwa Solange pale sokoni Kamembe. Ikikufikia imekunjamana, usimlaumu, ana mizigo mingi ya harusi.

Je, goti limepoa? Mdogo wangu Solange ananiambia umeanza tena kupanda ngazi za kanisani bila kushikwa mkono. Nilifurahi, kisha nikaogopa, maana nakujua. Presha unapima? Dawa unameza zote, au unachagua zile zisizo chungu? Na Papa analalaje, anakulaje, ule mkono wa kuume umeanza kushika kijiko au bado? Nauliza yote kwa mpigo kwa sababu kwenye simu jibu lako ni moja: "Tuko bien, mwanangu, Mungu anatulinda." Hata nikikuuliza habari za mvua unaniambia mko bien.

Mimi mwili ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini usianze kulia, ni baiskeli. Uholanzi yote ni bapa kama meza, hakuna mlima hata wa kuegemea, na upepo unakupiga usoni ukienda na ukirudi. Viazi nimeshiba mpaka basi. Ninachotamani ni sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwa letu, na ugali wa muhogo, na mtu wa kugombania naye ile ya mwisho. Naandika Kiswahili cha barua, kile cha Biblia ulichotufundisha, si kile chetu cha mtaani, maana najua utaisoma kalamu ikiwa mkononi.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu jambo lenyewe linahusu hizo simu zetu. Na ujumbe nikiutuma, Solange anakusomea kwa sauti sebuleni, Papa akisikia. Hili nataka ulisome peke yako kwanza. Nenda nalo chumbani, funga mlango.

Lakini nianze na kazi, la sivyo hutanielewa. Solange ameniambia kuwa kanisani wanakuuliza Deo anafanya nini Ulaya, na wewe umewajibu kwamba natengeneza mafrigo. Sasa kuna mzee mmoja anataka kunitumia picha ya frigo lake linalovuja. Mwambie pole, silijui.

Ingawa frigo lipo kweli. Ni pipa refu kuliko Papa, linaning'inia kutoka darini katika labo yetu, na ndani yake kuna baridi iliyozidi hata ile ya huko juu katikati ya nyota. Chini kabisa ya pipa tumeweka kipande kidogo kama ukucha, na kwenye kipande hicho tunaingiza ishara. Ishara yenyewe ni dhaifu mno. Ni punje moja ya wimbi, wimbi la jamii ya yale ya simu yako na ya ile oveni ya kupashia chakula, wanayaita mikrowevu. Punje moja tu, Maman. Kuna kompyuta za aina mpya zinazojengwa ambazo zinasemezana kwa punje kama hizo, na ndani ya baridi zinasikilizana vizuri.

Shida ni kuitoa. Ukiitoa punje ile kwa waya wa kawaida mpaka kwenye joto la watu, imepotea, kwa sababu joto lenyewe lina kelele ya aina ile ile, tena kelele nyingi. Ni kama kumnong'oneza mtu pale gare ya Kamembe siku ya soko, wakati makondakta wote wanaita abiria. Mwanga ndio hauna shida hiyo. Mwanga unapita ndani ya uzi wa kioo, kama zile nyaya walizozizika kando ya barabara ili intaneti ifike kwetu, unakwenda mbali sana na joto haliusumbui. Basi kazi yetu ni kugeuza. Punje ya mikrowevu iingie upande huu, punje ya mwanga itoke upande ule, ikiwa imebeba habari ile ile bila kuipunguza wala kuiongeza. Kifaa kinachogeuza wenzangu wanakiita kwa jina refu. Mimi nakiita mkalimani, na waliponiuliza kwa nini, nikawaeleza habari zako.

Niliwaambia kwamba mama yangu ni mkalimani wa kanisa. Kwetu pasta anahubiri Kinyarwanda, na Maman anasimama kushoto kwake akigeuza Kiswahili kwa ajili ya sisi tuliokulia Kongo na wale wanaovuka asubuhi kutoka Bukavu. Nikawasimulia ile Jumapili ya mgeni kutoka Kigali. Yule mgeni alisema "Imana ni nziza," akanyamaza, na wewe ukachukua hapo ukaenda. Mungu ni mwema, ukasema, ni mwema kwa mjane, ni mwema kwa aliyekimbia na godoro kichwani, ni mwema kwa yule aliyepika mawe ili watoto wadhani kuna chakula. Ulikwenda mpaka mgeni akageuka akakutazama, kama anayejiuliza nani kati yenu ndiye aliyealikwa. Watu walisimama. Papa alikuwa kwenye benchi la nyuma, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Nyumbani alikuambia, "Maman Deo, ule mugeni alihubiri muzuri sana leo. Na hakusema kitu."

Nawe ukamjibu huku unapakua, "Batu balikuya na njaa. Nibapatie mifupa tu?"

Wenzangu walicheka. Profesa wetu hakucheka. Ni mama mkavu, si mbaya, ila anatumia maneno kama mtu anayetumia chumvi ya jirani. Alisema mkalimani wa namna hiyo ndiye hasa tunayemkimbia. Nilinuna kidogo kwa ajili yako, lakini alikuwa anasema kweli.

Maana kifaa chetu kina ugonjwa huo huo. Ili kigeuze, lazima tukimulikie leza, ule mwanga mwembamba wenye nguvu, na leza inakipasha joto. Joto dogo mno, usingelihisi hata kwenye ncha ya kidole, ila kwa baridi ile ni moto wa jikoni. Kikipata joto kinaanza kutoa punje zake chenyewe, na hizo zinatoka pamoja na ile ya kweli, zote zimevaa sare moja kama kwaya. Aliye upande wa pili hajui ipi ilitumwa na ipi imezaliwa njiani. Wala huwezi kuifungua njiani ukaitazama halafu ukaituma tena, maana ishara za aina hii ukizichungulia umeziharibu, na kuzinakili haiwezekani. Tukipunguza leza, kifaa kinakaribia kuwa bubu. Tukiongeza, kinaongea sana, lakini kinaongea cha kwake. Hapo ndipo nilipokwama tangu mvua zenu zilizopita.

Na usidhani dawa yake ni rahisi, kwamba mtu aseme tu kilichosemwa. Huku kanisani walinipa kipaza sauti nimgeuzie mhubiri wa Kiswahili kwa Kiingereza. Nikajiambia leo nitakuwa kifaa kizuri, neno kwa neno, sipunguzi siongezi. Watu walisinzia. Huyu mama anayekuletea barua alinishika mkono mlangoni akaniambia, "Deo, weye unageuza kama notaire anasoma hati." Hawajanipa tena.

Sasa mwezi uliopita nilidhani tumepata. Kwenye skrini mstari wa vipimo ulipanda ukawa mlima mzuri, mahali pale pale tulipoutarajia. Ndiyo ile siku niliyokupigia nikakuambia nimefaulu, ukapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Kesho yake profesa alikuja, akautazama ule mlima, akasema neno moja: funga. Maana yake tuzibe upande wa kuingilia, tusitume chochote, tuone kinachotoka. Tukaziba. Mlima ukabaki palepale. Ulishuka kidogo tu, kama mtu anayeinama kwa adabu. Karibu yote niliyokuwa nayashangilia hayakutoka kwa mtumaji. Mkalimani alikuwa anaongea na hakuna aliyesema.

Nilikaa nikacheka, Maman, kicheko kibaya, mpaka mwenzangu mmoja akaniletea maji. Sikukuambia. Wewe ulikuwa umeshatoa ushuhuda kanisani.

Haya, sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Tangu kiharusi kimpige Papa, ile AVC kama wanavyoiita hospitalini, akili yake iko palepale na masikio ni mazima, ila maneno yanatoka yamevunjika. Mimi nilikuwa tayari huku. Sijakaa mbele yake hata mara moja tangu siku ile. Kwenye simu nasikia sauti, ni yake kabisa, hata kile kikohozi cha kusafisha koo kabla ya kusema ni chake, lakini maneno siyapati. Solange mwenyewe anaambulia moja hapa na moja pale. Ni wewe peke yako unayemwelewa. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya ibada unaweka simu katikati yenu, Papa anasema, wewe unanigeuzia.

Na kila Jumapili Papa anasema jambo moja. "Papa yako anasema ubakie kwako, umalize kazi. Anasema asikuone hapa kabla ya kumaliza. Anakubariki."

Nimeishi kwa maneno hayo. Kuna asubuhi huku jua halitoki kabisa, na mtu hajakuita jina lako tangu jana, na kifaa kimekataa, nami nabaki kitandani nikijiuliza nafanya nini hapa wakati baba yangu analishwa kwa kijiko. Halafu najiambia, Papa mwenyewe amesema nibaki. Ndipo navaa viatu.

Sasa kuna wiki moja nilikupigia Jumamosi, nilikuwa kwenye treni na nilijua Jumapili nitakuwa labo. Ulifurahi. Nikasema nimsalimie Papa. Ukasema, "Iko hapa karibu yangu." Ukaita kwa sauti ya pembeni, "Papa Deo, ni mutoto." Ukanyamaza kidogo. Kisha ukarudi: "Anasema ubakie kwako, umalize kazi. Anakubariki." Nikasema asante Papa, tukaagana.

Simu ilikuwa bado mkononi Solange alipotuma picha. Yeye na Papa wako hospitalini, kwa yule mama wa mazoezi ya viungo. Papa amesimama katikati ya vyuma viwili, shati jeupe, mdomo umepinda kwa jitihada. Chini Solange amemwandikia kaka yake, "Yaya, tazama, anasimama. Sasa hivi."

Niliitazama picha ile mpaka nikapitiliza kituo changu. Nilishuka mahali nisipopajua, nikakaa kwenye benchi na mkoba wangu magotini. Papa hakuwepo nyumbani. Ulimwita mtu ambaye hayupo, ukamngojea ajibu, kisha ukanijibia.

Sikukupigia. Ningekuuliza nini? Mwana hamuulizi mama yake swali la namna hiyo kwenye simu. Nilimpigia Solange kesho yake, na nakuomba usimgombeze, ni mimi niliyembana. Nilimuuliza, "Papa anasemaka nini kweli?"

Akasema, "Mi sielewi maneno yake, Yaya. Lakini kila mara Maman akimaliza kukuambia, Papa anapigaka kiti."

"Anapigaka namna gani?"

"Na mukono wa kushoto. Anapiga, anapiga, mpaka Maman anakata simu. Kisha anageuza uso kwa ukuta."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku zote hizo. Akasema, "Maman alisema uko mbali, utafanya nini?"

Maman, nina jambo jingine, na hili usinune. Simu zetu za Jumapili huwa nazirekodi. Si kwa ubaya, ni kwa ajili ya sauti ya Papa, nilikuwa naogopa. Na kwa kuwa kazi yangu ni kuondoa kelele kwenye ishara, nilizipitisha zote kwenye kompyuta ya labo, ile ile tunayosafishia vipimo. Niliondoa mvumo wa simu, nikaondoa jogoo wa jirani, nikaondoa mngurumo wa pikipiki barabarani. Kulikuwa na kitu kingine, kishindo kizito kizito kila mwisho wa mazungumzo. Nilidhani simu inagonga meza. Nikakiondoa nacho. Nilipomaliza, sauti ya Papa ilikuwa safi kama yuko upande wa pili wa meza. Ilikuwa safi, na sikuelewa hata neno moja.

Baada ya maneno ya Solange nilirudi kwenye nakala za asili, ambazo sikuzigusa. Wewe unasema "anakubariki," na nyuma yako ni pu, pu, pu. Nilikijua kile kishindo. Kiti kile Papa alikitengeneza mwenyewe wakati bado ana karakana ya viti pale nyuma ya soko, na mimi ndiye niliyemshikia mbao za mikono alipokuwa anapigilia. Kwa hiyo baba yangu alikuwa ananijibu kila Jumapili kwa njia pekee iliyombakia, na mimi, daktari wa ishara, nilimfuta.

Nilikukasirikia. Sitaficha. Nilikukasirikia siku kadhaa, nikawa naongea na wewe kwenye baiskeli peke yangu kwa sauti, wapita njia wananipisha. Halafu hasira ikaisha, na kilichokuja baada yake ni kibaya zaidi, maana hasira angalau ina mahali pa kuipeleka.

Kwa maana najua kwa nini ulifanya. Ni mimi niliyekuambia habari za kitambulisho. Kile cha kukaa huku muda wake umekwisha, kipya bado hakijatoka, na nikitoka nje ya nchi katikati hapo hakuna anayeweza kunihakikishia kwamba nitaruhusiwa kuingia tena. Nikishindwa kuingia, kazi imekwisha, na miaka yote hii imekwisha nayo. Ulisikia hayo, ukapima, ukaona mwanangu akiambiwa njoo atakuja, na akija amejiharibia. Ukamfunga Papa mdomo ambao tayari ulikuwa nusu umefungwa. Uliona nina njaa, hukutaka kunipatia mifupa. Nakuelewa sana, na ndiyo maana sijui nikushtaki kwa nani.

Lakini maneno yale yalikuwa ya Papa. Labda anasema njoo. Labda anasema mwambie mtoto kwamba hali yangu si hiyo unayomwambia. Labda anadai chumvi kwenye supu, na sisi huku tunabishania maneno yake kama ya nabii. Sijui. Ningekuambia unigeuzie upya, safari hii kweli tupu, lakini nitajuaje? Nikisikia jambo zuri nitasema umeongeza. Nikisikia jambo baya nitasema umepunguza. Na wewe mwenyewe, Maman, sidhani kama unaweza. Umemtafsiri mtu yule tangu mkiwa vijana Bukavu, kabla hata hajazungumza unajua atasema nini, na pengine siku ile ya picha ulimsikia kweli.

Na tuseme anasema njoo. Nitafanya nini? Nimekwenda ofisi ya wageni. Binti wa dirishani ni mpole, ananiambia subiri. Nimerudi, ni binti mwingine, mpole vilevile, anasema subiri. Nilimwendea profesa, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema nenda ukamwone baba yako, nafasi yako nitaishikilia. Akatazama chini akaongeza kwamba mpaka wa nchi hauko mikononi mwake. Nimefunga, nimeomba. Kila mlango ninaogonga anafungua mtu mwema asiye na jibu. Wangekuwa wabaya ningejua nimchukie nani.

Wiki iliyopita tulifunga pipa na kuanza kulipoza upya. Huchukua siku kadhaa. Katika siku hizo hulifungui, huliharakishi, hufanyi lolote, unatazama tu namba zikishuka. Mwenzangu mmoja huleta sufi na kufuma soksi. Mimi nilikuwa nimekaa mbele ya pipa na simu mkononi, namtazama Papa kati ya vyuma viwili. Nilitaka kulia na sikuweza, kwa sababu kulikuwa na watu. Nimeshindwa, Maman. Kazini nimeshindwa na nyumbani nimeshindwa, na kwa mbali namna hii hata kushindwa vizuri siwezi.

Basi nina ombi moja, na nakuomba ulitimize hata kama litakuuma.

Jumapili utakayokuwa umeshasoma barua hii, nikipiga, usiweke simu katikati yenu. Iweke juu ya mkono wa kiti, ule wa kushoto, karibu na mdomo wake. Kisha utoke. Nenda uani, nenda kwa mama wa jirani, nenda mpaka barabarani. Umchukue na Solange. Usisimame nyuma ya mlango, maana nakujua. Usinigeuzie chochote, wakati ule wala baadaye. Hata nikikuita, usije.

Najua sitaelewa. Atasema mpaka achoke, nami nitasikiliza mpaka achoke, na hakuna neno litakalovuka. Akitaka kupiga kiti, apige, kishindo chake sitakifuta tena. Halafu atakaponyamaza ni zamu yangu, na masikio yake ni mazima. Nitamwambia kwa Kiswahili chetu, si hiki cha barua. Nitamwambia, "Papa, siwezi kuya." Sitasema wewe ulisema nibaki. Sitasema Mungu anajua. Nitamwambia siwezi kuja, na yeye atajua ni mimi niliyesema.

Nisalimie Solange, mwambie ile picha nimeichapisha, iko ukutani. Nisalimie shangazi wa Nkungu, dada yake Papa, na umwambie aache kukupigia simu usiku kuulizia ndoto zake, mgonjwa anataka kulala. Mjomba wa Nyakarenzo mwambie habari za ndizi zilizoangushwa na upepo nimezipata, pole sana, nashukuru mkungu aliowaletea haukuwa hata na alama. Mama wa jirani, yule anayekutumia sambusa kila Idi, mpe mkono wangu, na jogoo wake nimemsamehe. Pasta mwambie aendelee kuniombea, kwa maneno machache.

Papa usimpe salamu yoyote kutoka kwangu. Zake nitampa mwenyewe.

Mwanao,
Deo